Wote Waliiona Pete ya Zohali

Mwalimu Gertruda alikuwa amechoka. Sisemi ule uchovu wa siku moja, unaoisha ukinyoosha miguu mkekani na kunywa chai. Huu ulikuwa uchovu wa mtu aliyesimama mbele ya ubao zaidi ya miaka thelathini, mpaka nywele na chaki vikawa rangi moja. Miguu ilimvimba kila jioni. Sauti ilikwaruza. Na jicho lake la kulia lilikuwa limeingiwa na mtoto wa jicho, kiasi kwamba ukimpitia upande ule akakujibu salamu kwa jina, ujue amekutambua kwa sauti tu.

Alifundisha jiografia katika sekondari moja ya kata huku Kerege, nyuma kidogo ya barabara iendayo Bagamoyo. Kwao ni Mahenge. Serikali ilimleta pwani akiwa binti, akajiapiza kwamba atavumilia miaka miwili kisha aombe uhamisho. Akaolewa na Vedasto, fundi mwashi aliyeteremka kutoka milima ile ile ya Mahenge, wakajenga, wakamzaa Tina, na barua ya uhamisho haijaandikwa mpaka leo. Pwani ilimfunza kupika wali wa nazi usioshika sufuria, na ilimfunza kusalimiana mpaka salamu ziishe zenyewe. Ila jambo litakalotusumbua hapa alikuja nalo toka kwao, akalikuta na huku limestawi: ukipewa kitu unashukuru kwa mikono miwili, hata kama moyo umenuna.

Kila mwaka, kidato cha kwanza, kulikuwa na kipindi kimoja alichokipenda. Aliingia darasani na chungwa na duara la kadibodi alilolikata kutoka boksi la sabuni, katikati lina tundu la kupitisha chungwa. Akaliinamisha kidogo upande, akaliinua juu ili hata wa nyuma waone. "Hii ndiyo Zohali," alisema, "sayari yenye pete." Darasa lote likatulia. Siku moja msichana aitwaye Chausiku, mwenye mdomo usio na breki, akanyoosha mkono. "Mwalimu, wewe umeshaiona?"

"Imo vitabuni, Chausiku."

"Kumbe hujaiona."

Darasa lilicheka na Gertruda akacheka nao. Chausiku sasa ana watoto wake, yuko huko Chalinze anauza vitenge, na hana habari kwamba neno lake lilimkaa mwalimu kooni kama mwiba wa changu. Kila mwaka akiinua chungwa lile alijisikia akifundisha umbea. Anayasema aliyoyasikia kwa wengine.

Mwaka wa kustaafu ulipofika, daktari wa macho alimwambia bila kuzunguka kwamba jicho la kulia linahitaji kufanyiwa upasuaji, na la kushoto nalo limeanza, japo bado linaona vizuri tu. Gertruda akasema atafikiria. Hakufikiria chochote. Zamani, huko Mahenge, mama yake alipelekwa kutibiwa jicho moja akarudi haoni yote mawili, akakaa jikoni karibu na mafiga miaka yake iliyobaki, akiuliza kila mara kama kumekucha. Mambo ya zamani hayo, Vedasto alimwambia, siku hizi mtu anaingia asubuhi anatoka mchana. Lakini hofu haina kalenda.

"Hili moja litanitosha," alisema Gertruda.

"Litakutosha mpaka lini, Mama Tina?"

"Mpaka niione ile pete. Baadaye litakavyo."

Majirani walimfariji kwa lile neno la siku zote, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Alilipokea kwa adabu. Walipoondoka alisema taratibu kwamba hajawahi kulisikia kwa mtu ambaye macho yake yanakufa.

Sasa, huku kwetu mtumishi akistaafu haachwi aende hivi hivi kama mtu aliyeshuka kituoni. Inaundwa kamati. Kuna michango, ukumbi, mshereheshaji mwenye suti ya kung'aa, keki, na juu ya yote kuna zawadi. Zawadi za kustaafu zinajulikana: friji, makochi, televisheni, tangi la maji, na kwa mwenye nyumba isiyokwisha, mabati. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu Oscar, mkuu wa taaluma, mtu mwema mwenye sauti kubwa na haraka ya kumaliza mambo.

"Mwalimu," alimwambia ofisini, "hatutaki kukuletea kitu usichokitaka. Sema mwenyewe. Friji au makochi?"

"Darubini."

"Ya kutazamia wanyama mbugani?"

"Ya kutazamia nyota."

Oscar alitazama dari, akatazama viatu vyake. Alikuwa ameshajiona akilitangaza friji. Hata hivyo alikuwa mtu mwema, nimeshasema. "Haya. Zinauzwa Dar, naamini. Wewe chagua, sisi tutanunua."

Chagua. Hebu fikiria mtu ambaye somo la kufundisha alipangiwa, yeye alitaka biolojia; kituo cha kazi alipangiwa; kiwanja alikitafuta mume; jina la mtoto alilitoa mama mkwe. Sasa anaambiwa achague. Uchovu wake haukuondoka, ila kwa wiki kadhaa ulisogea pembeni ukampisha. Jioni, miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi, alikaa na simu ameisogeza karibu na jicho la kushoto akisoma habari za darubini. Akibanwa alimpigia Adila, binti wa Mlingotini aliyefundisha fizikia shuleni pale pale na aliyezijua lenzi na vioo kama mama yake anavyojua samaki wabichi na waliolala.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze tena. Mdomo mpana au mwili mrefu?"

"Mdomo, Mwalimu. Mdomo ndio unaokusanya mwanga. Ni kama kukinga mvua, beseni halishindani na chupa."

Mwishowe zikabaki mbili. Siku ya Jumamosi Tina, anayefanya kazi Dar, akampeleka mama yake dukani azishike kwa mikono. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nyeupe, nzuri kama bibi harusi. Ilikuwa ya lenzi, imesimama juu ya miguu mitatu ya bati jepesi, na boksi lake lilipambwa kwa mawingu ya zambarau na maandishi makubwa kwamba inakuza mara mia tano na zaidi. Ya pili ilikuwa fupi na nene, nyekundu, mdomo wake mpana karibu mara mbili ya mwenzake. Ndani yake kulikuwa na kioo badala ya lenzi. Haikuwa na miguu kabisa. Ilikaa juu ya kigoda cha mbao kinachozunguka, na kigoda kikakaa juu ya meza. Bei zilikaribiana, kwa hiyo kisingizio cha pesa hakikuwepo.

"Mama, chukua hii ndefu," alisema kijana wa dukani. "Mara mia tano! Mwezi unauona mpaka mchanga."

Gertruda hakubishana naye. Alikigusa kichwa cha ile ndefu kwa kidole kimoja, kidogo tu, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala. Ikatikisika. Akahesabu kimya kimya mpaka ilipotulia, na ilichukua muda. Akawaza: nikiikuza hii mara mia tano, na mtikisiko nao utakuzwa mara mia tano. Kisha akaigusa ile fupi. Haikujali.

Asidhani mtu kwamba uamuzi ulikuwa rahisi. Ile ndefu imezibwa mbele na nyuma, hewa ya bahari haiingii, na huku kwetu chumvi inakula mpaka bawaba za mlango. Ile fupi imeachama, kioo chake kiko wazi kwa umande na vumbi, na kila baada ya muda vioo vyake vinahitaji kunyooshwa vitazamane. Ile ndefu unaibeba ukaisimamisha popote. Ile fupi inadai meza, na meza imara. Alisimama katikati yao muda mrefu, miguu ikiwaka moto ndani ya viatu, mpaka Tina akamletea kiti.

"Kioo nitakifunika kwa kitambaa," alisema hatimaye. "Meza baba yako ataijenga kwa zege ikibidi. Lakini mtikisiko siwezi kuufanya kitu. Nataka hii fupi."

Alimtumia Oscar picha na jina. Akarudi Kerege amechoka mno, na usiku ule alilala kama mtoto.

Sherehe ilifanyika katika ukumbi mmoja wa Bagamoyo mjini. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na hotuba, na hotuba zilikuwa nyingi kuliko nyama. Kisha mshereheshaji akapaza sauti, muziki ukabadilika, na walimu wakaingia kwa mistari miwili wakicheza, zawadi imebebwa mabegani na watu wanne, imevishwa kitenge kama maiti wa heshima. Ilikuwa ndefu. Gertruda aliuona urefu ule tangu mlangoni, kwa jicho moja, akajua.

Kitenge kilivuliwa. Darubini nyeupe ikasimamishwa jukwaani juu ya miguu yake mitatu, ikatetemeka kwa ngoma za spika, na ukumbi mzima ukasema "Looo!" Oscar alimwinamia sikioni. "Mwalimu, ile nyekundu tuliiona. Lakini kile kidude kingeonekanaje ukumbini? Watu wangesema tumekupa ndoo." Na kwa haki alikuwa na hoja. Zawadi ya ukumbini lazima ionekane toka meza za nyuma; haijawahi kutokea watu wakacheza nusu saa kwa ajili ya kitu kinachoingia kwenye kapu.

Akapewa kipaza sauti. Watu zaidi ya mia wakamtazama, wengi wao alikuwa amewafundisha. Angesema nini?

"Nashukuru sana," alisema. "Hii ndiyo hasa niliyoitaka."

Wakapiga vigelegele. Adila, aliyekaa meza ya tatu, hakupiga. Aliinama akaanza kukikunja na kukikunjua kitambaa cha meza.

Nyumbani darubini ilisimama uani wiki nzima ikimchosha. Akiipata nyota, nyota inacheza. Akishika kirungu cha kurekebishia, nyota inaruka nje kabisa. Ukipita upepo kutoka baharini, ndiyo basi. Vedasto alimtazama mkewe akihangaika kwa siku kadhaa. Kisha akafanya kile ambacho fundi mwashi hufanya kwa kila tatizo: akaenda kutafuta mchanga. Alichukua makopo matatu makubwa ya rangi, akayajaza mchanga uliolowa, akaukita kila mguu wa darubini ndani ya kopo lake, na katikati akaning'iniza mfuko wa kokoto. Akaisukuma kwa bega. Ikatulia.

"Si nzuri kwa macho," alisema, "lakini haiendi mahali."

Jioni hiyo, adhana ya Isha ikiwa imekwisha muda si mrefu, Gertruda aliipata Zohali. Nyota ya manjano iliyotulia, haimetimeti kama wenzake, upande wa mashariki juu ya paa la jirani. Aliinama. Akaweka jicho lake la kushoto, lile alilolitunza kwa ajili ya kazi hii moja. Akaona kiduara kidogo, cha rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Basi. Akazungusha kirungu mbele na nyuma. Akafuta lenzi. Akafuta jicho. Kiduara kikabaki kiduara.

"Umeiona?" aliuliza Vedasto.

"Bado naitafuta," alijibu.

Kabla hajaipata, wenye zawadi wakaja. Ni desturi, waliokupa kitu wana haki ya kuja kukiona kinavyokaa nyumbani kwako. Walikuja walimu kumi na kitu, Gertruda akawakaangia vitumbua, akawapikia chai ya tangawizi, akaielekeza darubini kwa Zohali, na wao wakapanga mstari kama wanafunzi wanaosubiri uji. Wa kwanza aliinama, kisha akainuka na kusema, "Aisee! Pete ile pale!" Wa pili naye akaiona. Wa tatu akaiona zaidi. Mwalimu Oscar, aliyekuwa akisimulia jambo, alisimulia mpaka akamaliza, ndipo akainama na kutazama, akatoa mlio wa kuridhika. "Inang'aa kama pete ya harusi!" alisema. "Mwalimu, zawadi imejibu!" Adila alikuwa wa mwisho. Alitazama muda mrefu kuliko wote. Alipoinuka alikutana na uso wa mwenyeji wake uliokuwa unasubiri.

"Unaiona, Adila?"

"Naiona, Mwalimu," alisema Adila, akaangalia chini.

Gertruda aliwachekea wote kicheko cha mwenyeji, akawasindikiza mpaka barabarani, akawapungia. Aliporudi aliketi kwenye ngazi ya jikoni. Watu wote waliiona isipokuwa yeye. Basi hakuna cha kutafuta tena. Jicho la kushoto nalo limekwisha. Alikuwa amelipigia hesabu akidhani lina miaka, kumbe limeshaondoka bila kuaga. Hakulia. Alikuwa amechoka hata kwa kulia.

Aliifunika darubini kwa kile kitenge cha sherehe, na kwa wiki mbili hakuifunua. Akaanza kujizoeza upofu. Vedasto akiwa kazini, alifumba macho yote mawili akatembea toka chumbani mpaka jikoni akipapasa ukuta, akajifunza chumvi iko wapi na sukari iko wapi kwa mkono. Siku moja alijikuta amekaa karibu na jiko, macho yamefumba, anajiuliza kama jua limetua. Alifumbua macho kwa haraka. Alikuwa amekaa vile vile alivyokaa mama yake.

Hakumwambia mtu. Lakini Tina alikuja Jumapili, na Tina ni mtoto wa mjini, hazunguki.

"Mama, mbona darubini imevishwa sanda?"

"Nimechoka nayo."

"Wiki mbili? Ulivyonisimamisha pale dukani nusu siku?" Akakivuta kitenge. Magharibi ilikuwa imepita na anga lilikuwa safi. "Haya, nionyeshe hiyo pete yako."

Gertruda aliielekeza kwa mazoea tu, kama mtu anayemwandalia mgeni chakula ambacho yeye haruhusiwi kula. Tina aliinama. Akakaa. Akarekebisha. Akainama tena.

"Pete iko wapi?"

"Tazama vizuri."

"Natazama. Naona kimpira. Kimechomwa na kitu kama kijiti chembamba, kinatokeza kidogo huku na huku. Lakini pete kama ile ya kadibodi yako? Hamna, Mama."

"Wenzako wote wameiona. Mwalimu Oscar ameiona. Adila mwenye fizikia yake ameiona."

"Basi na waje wanionyeshe. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi macho ninayo."

Gertruda alisimama palepale, mkono juu ya bomba la darubini. Kijiti, alisema mtoto. Kijiti chembamba. Polepole, kutoka mbali sana, kitu kikaanza kumrudia. Aliingia jikoni, akatoka na sinia la kulia wali. Akaliinua mbele ya uso likiwa limeinama, akaliona duara zima. Akalilaza taratibu, likawa jembamba, likawa jembamba zaidi, mpaka likafika usawa wa jicho lake. Sinia likatoweka, ukabaki ukingo, mstari mmoja wa bati.

"Tina. Tafuta kwenye simu yako. Zohali, mwaka huu, pete yake imekaaje."

Tina alitafuta. Taa ya simu ilimmulika usoni. "Wanasema mwaka huu imetugeuzia ukingo," alisoma. "Inatokea kila baada ya miaka kumi na mitano hivi. Kwa darubini ndogo ni kama haionekani. Halafu inaanza kufunguka tena kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka."

Alilijua. Hilo ndilo lililomchoma. Alikuwa amelifundisha kila mwaka, sentensi moja mwishoni mwa kipindi, kengele ikiwa inalia. Hakuwahi kulionyesha kwa kadibodi, kwa sababu ukiishika kadibodi ubapa, watoto wa nyuma hawaoni kitu.

Vedasto aliyekuwa mlangoni alianza kucheka. "Ng'ombe wa maskini hazai," alisema. "Maisha yote unaingoja, unaipata siku iliyofunga mlango."

Gertruda naye alicheka, kwanza kidogo, kisha mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamgeuka na machozi yakamtoka kwa macho yote mawili, zima na bovu. Jicho lake lilikuwa linaona. Wiki mbili alikuwa ameishi gizani akiwa na jicho linaloona, kwa kuwaamini watu wastaarabu. Akaomba simu.

"Mwalimu Oscar, habari za jioni."

"Nzuri, Mwalimu! Habari za kupumzika?"

"Salama. Mwalimu, siku ile uliona nini kwenye darubini?"

"Si ile pete?"

"Pete mwaka huu haionekani. Imelala ukingo. Hakuna mtu duniani angeiona kwa darubini ile."

Huko upande wa pili televisheni ilisikika ikipunguzwa sauti.

"Kusema kweli, Mwalimu," alisema Oscar, na sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka, "mimi sikuona hata nyota. Giza tupu. Nilidhani jicho langu limeanza kuharibika. Nimelala na wasiwasi mpaka leo, mke wangu hata sijamwambia."

Dunia inazunguka, na nyota ilikuwa imeshasogea nje ya lenzi wakati yeye anasimulia, Gertruda aliwaza. Walikuwa wawili, basi, waliokuwa wanaomboleza macho mazima. Pengine walikuwa kumi na kitu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Zawadi tumeileta wenyewe, chai yako nimeishika mkononi. Na wewe mwenyewe ukumbini ulisema ndiyo hasa uliyoitaka."

"Nilisema."

"Na haikuwa hiyo."

"Haikuwa hiyo, Mwalimu Oscar. Nilitaka ile ndoo."

"Najua," alisema Oscar. "Tulikuona uso. Nisamehe."

"Tusameheane," alisema Gertruda, akakata simu.

Alikaa kwenye ngazi ya jikoni pale pale alipokaa ile siku nyingine. Uchovu ulikuwepo bado. Uchovu wa miaka thelathini hauondolewi na simu moja. Lakini alihesabu. Pete itafunguka kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, na itahitaji jicho la kuingojea. Giza la kliniki lilikuwa halijulikani. Giza la karibu na jiko alishalionja, na alijua sasa lipi analiogopa zaidi.

"Baba Tina," aliita, "kesho unipeleke kwa yule daktari wa macho."

Vedasto alitokeza kichwa. "Si ulisema hilo moja litakutosha?"

"Nilisema mengi," alijibu Gertruda, akaomba asaidiwe kuinuka.